Programu ya Honazi kwa Mwanafunzi wa Uhandisi: Uamuzi Uanzie Kwenye Ratiba

Tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vikuu vingi vya Marekani huwataka waombaji wawe wamethibitisha nafasi zao, na kila inapokaribia, wadogo zangu waliokubaliwa kusomea uhandisi huniuliza kuhusu barua ya pili waliyoipokea, ile inayowaalika kujiunga na programu ya honazi. Wengi huupima mwaliko huo kwa heshima ya jina lake, na wazazi nao hufurahi kwa sababu hiyohiyo. Mimi naamini unapaswa kupimwa kwa ratiba ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa kuwa huko ndiko mwanafunzi wa uhandisi hubanwa hasa.

Huku kwetu tumezoea daraja la shahada linalotolewa mwishoni kwa kuangalia alama. Honazi ya Marekani ni kitu kingine kabisa: ni kama chuo ndani ya chuo, chenye masomo yake, washauri wake, pengine na mabweni yake, na mwanafunzi huingia humo mapema na kutimiza masharti hatua kwa hatua. Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, aliuanzisha mfumo wa namna hiyo katika chuo cha Swarthmore mwaka 1922, na baadaye vyuo vikuu vikubwa vya umma viliuchukua ili kuwapa wanafunzi wao bora madarasa madogo na ukaribu na maprofesa. Chuo kikuu cha Arizona State kina chuo cha honazi kiitwacho Barrett, kilichoanzishwa mwaka 1988, na Penn State kina kile kiitwacho Schreyer, kilichoanzishwa mwaka 1997. Masharti hutofautiana, lakini karibu kila mahali utakuta wastani wa alama usiopaswa kushuka chini ya kiwango fulani, idadi ya krediti (vipimo vya uzito wa masomo) za honazi na, mara nyingi, tasnifu ya mwisho.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. ABET, chombo kinachotoa ithibati ya programu za uhandisi, kinataka shahada iwe na angalau krediti 30 za hisabati na sayansi na krediti 45 za uhandisi wenyewe, na idara nyingi huongeza juu ya hizo. Zaidi ya wingi wa krediti kuna mfuatano: anayesoma uhandisi mitambo hawezi kuingia dainamiki, somo la vitu vinavyosogea, kabla ya kumaliza statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, na statiki yenyewe inasubiri fizikia na kalkulasi. Somo moja la mnyororo huo likikosekana, na kama hutolewa mara moja tu kwa mwaka, kuhitimu kunaweza kuahirishwa kwa mwaka mzima, na kwa mzazi anayelipa ada ya mwanafunzi wa kigeni huo si mwaka mdogo. Kwa hiyo faida ya honazi ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyotajwa sana kwenye barua, yaani haki ya kujiandikisha masomo mapema kabla madarasa hayajajaa. Programu nyingi huitoa, na mwombaji aulize waziwazi kama anayoalikwa nayo huitoa.

Tasnifu inahitaji kufikiriwa kwa kina zaidi. Mwanafunzi anayeingia maabara ya vifaa huanza kwa kukata vipande vya chuma, kuving'arisha kwa msasa kuanzia ule unaokwaruza hadi ule laini, kuvitazama kwa hadubini, kisha kuvivuta kwenye mashine mpaka vikatike, na hurudia hivyo wiki baada ya wiki hadi vipimo vianze kukubaliana. Kazi hiyo haiwezi kubanwa kwenye wiki za mwisho za muhula. Kwa anayetaka shahada ya uzamivu, hakuna maandalizi bora kuliko hayo, na kwa mwanafunzi kutoka kwetu yana uzito wa pekee: nafasi za utafiti wa likizo zinazofadhiliwa na National Science Foundation, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti, kupitia programu yake ya REU ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, hivyo maabara ya profesa wa chuoni inaweza kuwa mlango pekee ulio wazi kwake.

Kwa anayelenga kiwanda au kampuni ya ujenzi, ushauri wangu hubadilika. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kwa kawaida hawezi kufanya mafunzo ya kazi nje ya chuo kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa masomo, hivyo likizo ndefu alizonazo ni chache, na tasnifu ikizimeza ataifikia siku ya kutafuta ajira bila uzoefu ambao waajiri huuliza kwanza. Huyo aiulize idara yake swali moja mahususi: je, mradi wa usanifu wa mwaka wa mwisho, ambao ABET inautaka kwa kila mwanafunzi, unaweza kupanuliwa ukawa tasnifu ya honazi? Jibu likiwa ndiyo, mzigo hupungua sana. Likiwa hapana, ningependa jioni zake azitumie kwenye karakana, kwa mfano na timu inayounda gari la mashindano ya Formula SAE.

Waliomaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wana nafasi nzuri zaidi pale chuo kinapoutambua ufaulu wao na kuwapa krediti za kalkulasi, maana muda unaookolewa huweza kubeba semina za fasihi na falsafa ambazo honazi hupenda kuziweka mwaka wa kwanza. Semina hizo nazitetea kwa moyo wote. Mhandisi hulazimika kuandika ripoti na kuitetea mbele ya watu wasiokubaliana naye.

Asiye na hakika aulize pia kuhusu kuingia baadaye, kwa sababu baadhi ya programu hupokea wanafunzi baada ya mwaka wa kwanza, wakati alama na mzigo halisi vimeshajulikana. Kuhusu kutoka, shahada ya uhandisi kwa kawaida hubaki vilevile, lakini ufadhili uliofungamanishwa na honazi unaweza kukoma, hivyo barua ya ufadhili isomwe neno kwa neno kabla ya kusaini.