Vunjajungu ya 2019 na friza ya shangazi

Shangazi yangu amewasomesha wanawe kwa barafu. Za ukwaju, za ubuyu, za maziwa na hiliki, zilizofungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni na kuuzwa dirishani kwake Ngamiani, Tanga, tangu watoto wanapotoka shule mpaka adhana ya magharibi. Friza ile kubwa yenye mlango wa juu ndiyo ilikuwa shamba lake.

Aprili 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki itakuwa marufuku kuanzia Juni mosi. Mtaani ukazuka mjadala: vifuko vya barafu vimo au havimo? Kila mtu na lake. Shangazi hakungoja jibu. Vunjajungu, ile karamu ya kuamkia Ramadhani, ilikuwa inakaribia, akanipigia simu Dar es Salaam: "Mwanangu, ukija vunjajungu njoo na kakao. Ile chungu, isiyotiwa sukari. Nataka kitu cha baridi kisichofungwa."

Kitu chenyewe alikuwa amekionja kwangu alipokuja kumwona mjukuu: vipande vya siagi ya karanga na chokoleti vilivyogandishwa, ambavyo nilikuwa nawatengenezea wanangu kwa siagi ya kopo na chokoleti ya dukani. Alikula kimya kimya, akaomba cha pili, kisha akauliza bei ya kopo. Nilipomtajia akashangaa. "Karanga hizi hizi?"

Nilifika Tanga mwishoni mwa wiki ile ya kuamkia Ramadhani, masika imeshika. Nyumba nzima ilikuwa jikoni. Wifi zake walishughulika na pilau uani chini ya turubai, watoto wamejaa kila kona, na shangazi ameketi kwenye mkeka akichambua karanga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea ungo. Alikuwa akizitupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye hata doa la ukungu. Watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwenye mahindi, na karanga nazo huipata vilevile zikikaa na unyevu. Yeye anauzia watoto wa watu, kwa hiyo hapo hana mzaha. Mpaka leo sijaona mtu anayechambua karanga kama yeye, na naamini kazi nzima ya kitu hiki inaanzia pale kwenye ungo, si kwenye chokoleti.

Alizikaanga kwenye karai, moto wa mkaa uliofifia, mwiko haupumziki. Hakutazama rangi, alisikiliza. Mwanzo karanga hugongana kwa sauti nzito, kisha zikikauka zinaanza kulia kwa wepesi na maganda kupasuka. Hapo hapo akaziepua, akazimwaga kwenye sinia, maana zikibaki karaini huendelea kuiva na kuwa chungu. Tukazipekecha kwa viganja, tukapepeta, maganda yakapeperukia uani kwenye mvua.

Kwenye blenda zilipita hatua zote nizijuazo, lakini siku ile nilizitazama kwa makini zaidi kwa sababu shangazi alikuwa anajifunza. Kwanza unga. Kisha bonge linalonata pembeni na kufanya mashine ilalamike. Mtoto mmoja wa binamu yangu akaleta kikombe cha maji ili "ilainike", nikamzuia kabla hajafika, maana maji yakiingia rojo hukazana na kuwa kama udongo. Inatakiwa kuzima, kukwangua, kuwasha tena, kuvumilia. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, na mafuta yenyewe yakitoka ndiyo yanayolainisha. Yalipotoka, bonge likajilegeza ghafla, likaanza kuzunguka likimeremeta. Shangazi akachovya kidole. "Haya sasa. Chumvi." Akatia zaidi ya ninavyotia mimi, na alikuwa sahihi. Baridi hupunguza ladha kinywani. Kilichokolea kikiwa vuguvugu huwa kimepooza kikishaganda. Tukachanganya na asali kidogo na biskuti tulizozipondaponda kwenye kinu.

Chokoleti ya kipande hakuitaka. Kwa joto la Tanga hulegea rafuni mchana, ikaganda usiku, ikatoka utando mweupe juu, na bei yake haiendani na mtoto mwenye shilingi mia mbili. Tukatengeneza ya kwetu: kikombe cha mafuta ya nazi, kikombe cha kakao iliyochungwa, nusu kikombe cha sukari. Sukari tuliisaga kwanza ikawa vumbi, kwa sababu chembe haziyeyuki kwenye mafuta, zingebaki zikikwaruza meno. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana ndani ya friza hukakamaa yakavunjika kwa mlio, na mkononi mwa mlaji huanza kulainika papo hapo. Kitu cha namna hiyo huliwa umesimama pale pale dirishani. Shangazi alilifurahia hilo kuliko nilivyotarajia: mteja asiyeondoka humwita mwenzake.

Jambo lililonishangaza lilikuja wakati wa kumimina. Nilibeba karatasi ya kuokea toka Dar. Akaiweka kando. Akamtuma kijana kukata jani la mgomba, akalipitisha juu ya makaa mpaka likageuka kijani cha kung'aa na kulegea, akalifuta, akalitandika kwenye trei. Kwa muda mrefu amekata kashata juu ya majani. Anajua kinachobanduka na kisichobanduka. Tukashindilia karanga kwa mgongo wa kijiko, tukaipeleka kwenye friza saa nzima, kisha tukamimina kakao juu yake. Ikaganda mbele ya macho yetu, ikitambaa kutoka pembeni kwenda katikati, ule mng'ao ukififia.

Trei ilikuwa haijakaa sawasawa umeme ukakatika.

Watoto walipiga kelele, mimi nikakimbilia friza. "Usifungue!" Shangazi aliisema mara moja tu, kwa sauti inayosikilizwa. Friza iliyojaa, akaeleza huku akiwasha taa ya chemli, hujipoza yenyewe, barafu hulindana. Ikifungwa hivyo hivyo huweza kukaa siku mbili. Inayoharibu ni mikono ya watu. Akaweka kiti juu ya mlango, akaketi yeye mwenyewe, na pilau yake akaletewa pale pale. Alikula vunjajungu nzima juu ya friza, akipokea salamu za wageni mmoja mmoja.

Umeme ulirudi usiku wa manane. Alfajiri, baada ya sala, tulifungua. Jani lilibanduka kwa kuvutwa mara moja, likaacha mistari yake chini ya kila kipande. Shangazi alichovya kisu kwenye maji ya moto, akakifuta kikavu, akakata kwa mshazari kama kashata. Ya juu ikavunjika kwa mlio, ya chini ikakatika laini. Wa kwanza kuonja alikuwa yule yule mwenye kikombe cha maji. Alitafuna, akafumba macho, akauliza kama Ramadhani lazima ianze wiki hiyo.

Idd ya mwaka ule iliangukia siku chache baada ya marufuku kuanza. Dirisha la Ngamiani lilifunguliwa na trei mbili, kila kipande juu ya kijipande cha jani la mgomba, na kabla ya adhuhuri nilipigiwa simu kuulizwa kakao nyingine inafika lini. Tunabishana mpaka leo kuhusu biskuti. Yeye ameziondoa, anasema zinafunika karanga. Mimi bado natia.