Tiki ya Pili

Dereva wetu ndiye aliyejua kwanza kwamba mradi unakwisha. Katika mradi wowote dereva ndiye redio: anawabeba wakubwa, anawasikia wakiongea na simu, na yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ajaze nusu tangi. Siku ya tano ya Ramadhani, mwaka 2022, alinishusha Chumbageni mvua ikinyesha, akazima injini.

"Dada, mafuta ya mwezi huu wamenipa ya wiki mbili. Wewe uliyesoma, piga hesabu mwenyewe."

Nikapiga. Mkataba wangu ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni.

Nilikuwa mteknolojia wa dawa katika mradi mdogo wa watu tisa, hapa hapa Tanga, vyumba vitatu vya kupanga na feni moja iliyolia kuliko ilivyopuliza. Kazi yetu ilikuwa kuwapa akina mama kalamu ya kujichoma sindano, kisha kukaa pembeni na daftari tuone wanaikosea wapi. Wenye kalamu walikuwa Ulaya. Ndani ya plastiki yake mna bomba la kioo lililojazwa tangu kiwandani, sindano iliyofichwa na springi. Unavua kifuniko, unaikandamiza pajani, springi inasukuma. Inalia tiki: dawa imeanza kuingia. Baada ya sekunde kumi hivi inalia tiki ya pili: imekwisha, toa. Zetu za majaribio hazikuwa na dawa. Zilijazwa kimiminika kitupu kilichofanywa kizito kama dawa yenyewe, na aliyechomwa ilikuwa sponji iliyofungwa pajani.

Asubuhi ile ile aliingia bibi mmoja aliyetumia ujana wake kuanika nyuzi za mkonge. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na kifuniko kilimpa taabu hata akataka kukivua kwa meno, akakumbuka amefunga. Nikamweleza mara mbili, na picha nikamwonyesha. Akakandamiza sawasawa. Tiki. Akaichomoa papo hapo, kimiminika kikamtiririkia kwenye kanga.

"Bibi, bado. Ungengoja ilie tena."

"Imelia, mwanangu. Kitu kikilia ndiyo kimeshafanya kazi. Umeona wapi mtego ukalia mara mbili?"

Sikuwa na jibu. Katika 12 waliokuja siku hiyo, watano walichomoa kwenye tiki ya kwanza. Niliandika maneno ya yule bibi kama alivyoyasema, na mpaka leo naona hakuna ripoti ya kurasa 80 iliyosema zaidi yake.

Tatizo lilikuwa na mzizi mwingine. Dawa iliyokusudiwa ni ya protini, inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka huko baridi inakuwa nzito, springi inaisukuma polepole, na tiki ya pili inachelewa hata mwenye subira akadhani kalamu imekwama. Kwa hiyo maelekezo yakasema itolewe nusu saa kabla ya kuchoma. Yaliandikwa na mtu mwenye friji jikoni kwake. Akina mama wetu wengi friji ni ya jirani, na nusu saa ya jirani inategemea kama yupo, kama umeme upo, na kama hamjagombana.

Jioni, kabla ya futari, tulikuwa na kikao cha mtandaoni na Ulaya. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Upande mmoja walikaa watu wa dawa, upande mwingine watu wa kifaa. Kampuni moja, lakini ungedhani ni wakwe waliokosana mahari. Watu wa dawa wakasema springi iongezwe nguvu. Wa kifaa wakajibu kwamba springi ikiwa kali, kioo kinaweza kupasuka ndani ya kalamu. Basi yaongezwe mafuta ya silikoni ndani ya bomba ili kizibo cha mpira kiteleze. Watu wa dawa wakaruka: mafuta yakizidi yanaachana na kioo, yanaingia kwenye dawa, na protini zinashikana na kufanya chembe. Basi kibadilishwe kizibo. Kizibo kipya nacho kina mpira wake, na mpira huachia vitu vyake taratibu ndani ya dawa, ambavyo lazima vipimwe. Kila aliyependekeza alianza na "badiliko dogo tu". Kwenye daftari langu nimeandika "dogo tu" mara sita.

Badiliko dogo maana yake unarudi mwanzo. Dawa ya friji kama hii inawekwa upya kwenye kabati la joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60 kwa miezi 6 ili kuona kama itaharibika, na bado jaribio la kuiweka kwenye friji kwa muda wake halisi halirukwi. Kalamu nayo inarudi kwa akina mama. Kisha sheria. Marekani wanaangalia sehemu ipi inafanya kazi kuu. Ikiwa ni dawa, ofisi ya dawa ndiyo inayoongoza, lakini kanuni waliyotoa mwaka 2013 inamtaka mtengenezaji afuate taratibu za ubora za dawa na za kifaa pia. Ulaya, tangu Mei 2021, dawa iliyoungana na kifaa chake inatakiwa kuleta na uthibitisho wa upande wa kifaa. Hapa kwetu angalau jina linasema ukweli: mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, iligeuka TMDA mwaka 2019, dawa na vifaa tiba vikakaa kwenye kibao kimoja.

Sasa mimi. Niliajiriwa kwa sababu hizi pande mbili hazikuwa zikisikilizana, wakahitaji mtu wa katikati. Wiki ile mhasibu aliacha jedwali la bajeti wazi kwenye kompyuta ya ofisi, na sitajifanya sikulitazama. Nusu ya mshahara wangu ilitoka fungu la dawa, nusu fungu la kifaa. Kwenye safu ya Julai fungu la dawa liliandika kwamba nitabebwa na kifaa. Fungu la kifaa liliandika nitabebwa na dawa.

Nilimwambia baba kwanza, kabla ya mume wangu. Baba anakaa Ngamiani, na miaka ya 90 alipigwa redandansi kiwandani, wakati viwanda vya Tanga vilipokuwa vikizimika kimoja baada ya kingine. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kwamba baiskeli yake ilianza kushinda nyumbani. Hakunipa pole. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa barua za zamani.

"Una makaratasi?"

"Ninayo, baba. Yapo ofisini."

"Ya ofisini ni ya ofisi. Mimi niliapa hawathubutu, nikangoja. Siku waliponipa barua, geti lilikuwa limeshafungwa, na cheti changu cha ufundi kimo humo ndani."

Basi baada ya tarawehe tukakaa barazani na daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nilikuwa nimeisoma chuoni kwa ajili ya mtihani tu. Usiku ule niliisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Mwenye mshahara wa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo siku 28. Baba akafurahi, mpaka nilipofika kifungu kidogo cha chini: aliyeishiwa na mkataba kwa muda wake kufika, hakimhusu. Wakinipunguza Mei, wananilipa. Wakinyamaza mpaka 30 Juni, hawanidai wala siwadai.

"Watanyamaza," baba akasema, akachukua kashata.

Mengine niliyafanya haraka. Nilifuatilia michango yangu NSSF nikakuta miezi miwili haijapelekwa. Nikaandika barua, nikasainiwa nakala, ikalipwa. Nilihesabu siku za likizo. Niliorodhesha kila kazi niliyoifanya kwa maneno yangu, bila kuchukua mchoro wala takwimu ya mtu, maana vile ni vya wenyewe.

Lililonitesa ni upatu. Tulikuwa wanawake 10, 50,000 kwa wiki, na zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Nikamfuata kijumbe kumwomba anisogeze mbele. Alikuwa akikoroga uji wa futari, hakuinua hata kichwa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nina shughuli."

"Shughuli ina tarehe. Taja."

Nikakosa. Ukweli ni kwamba nilitaka kushika 500,000 nikiwa najua huenda wiki nne mbele sitakuwa na cha kutoa, na wa kulia angekuwa muuza mihogo ambaye angebaki nyuma yangu. Watu huita hiyo kujiandaa. Nilirudi nyumbani na zamu yangu ile ile ya mwisho, na usiku huo ndipo nikamweleza mume wangu yote. Alikasirika kwa jambo moja tu, kwamba dereva alijua kabla yake.

Baba alisema kweli, walinyamaza. Mwezi Juni wakatangaza kwamba kalamu inarudi mezani Ulaya, tiki zitafikiriwa upya, na awamu ya Tanga imefika mwisho. Wenzangu saba waliondoka tarehe 30 bila hata barua ya kupunguzwa, maana hawakupunguzwa, waliisha. Mimi na dereva tuliongezewa miezi miwili ya kufunga stoo, ambayo nayo iliisha kwa muda wake.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuteketeza kalamu zilizobaki, 212. Nilizihesabu sakafuni peke yangu, feni ikilia. Springi haikuruhusiwa kwenda motoni ikiwa imekazwa, kwa hiyo ilibidi kila moja ichomwe kwanza kwenye sponji. Tiki, ngoja, tiki. Dereva alinisaidia kuanzia ya 50, na kila moja alichomoa kwenye tiki ya kwanza.

Tulipopeleka maboksi, kijana wa mapokezi aligeuza moja juu chini, akatoa fomu mbili.

"Dada, hizi ni dawa au ni vifaa?"

Dereva akacheka mpaka akashika ukuta. Nikaomba kalamu, ya wino, nikajaza zote mbili.