Jahazi la Makaa

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa Ngomeni, kama sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa tunavyoiita Ngome ya Yesu. Shuleni alikuwa ameambiwa aandike insha kuhusu nyumba ya kale, nami sikuona haja ya kunakili mambo ya mtandaoni ilhali nyumba yenyewe ipo dakika kumi kwa miguu. Niliyoikusudia ni ile Nyumba ya Waomani, iliyojengwa karne ya 18 juu ya buruji ya San Felipe, yaani pembe ya ngome iliyochomoza nje. Tuliizunguka upesi, yeye alipenda zaidi upepo wa bahari kuliko vyombo vilivyowekwa humo.

Kilichotusimamisha ni michoro ya ukutani iliyoachwa na walinzi wa Kireno katika karne ya 17 kwenye buruji ya San Mateus, ambayo sasa imehifadhiwa humo ngomeni: merikebu, samaki, watu waliovaa deraya, vyote vimesongamana kama daftari la mtoto aliyechoshwa na hesabu. Walichorea makaa na udongo mwekundu, yaani walichorea walichokiona karibu. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mjomba, hawa hawakuchapwa?”

Swali lile lilinirudisha mtaa wa Kibokoni, nyumbani kwa nyanya. Leo najipatia riziki kwa kuandika hadithi za watoto na kuzichorea picha mwenyewe, na picha yangu ya kwanza ilikuwa jahazi nililolichora kwa kaa la jikoni kwenye ukuta wa ukumbi wa nyanya, ukuta ambao ulikuwa umetoka kupakwa chokaa kwa ajili ya Idi. Nyanya alitoka jikoni na kata ya maji mkononi, akalitazama, akaniuliza, “Mjukuu wangu, jahazi gani hili lisilo na usukani?” Nikaongeza usukani. Mwaka uliofuata chokaa ilipakwa ukuta mzima, ila brashi ililizunguka jahazi langu, na ndivyo ilivyokuwa kila Idi mpaka nyanya alipofariki.

Nyumba ile haipo tena. Warithi tulikuwa wengi, hakuna aliyeweza kuwalipa wenzake mafungu yao, ikauzwa, na mahali pake sasa pamesimama ghorofa. Siwezi kujidai kwamba nilipinga, kwa kuwa fungu langu nililipokea na ndilo nililonunulia kompyuta ninayochorea hadi leo.

Nilipokuwa nikimsimulia mpwa wangu hayo nilimkumbuka Muyaka wa Mwinyi Haji, malenga aliyeishi mji huu tangu mwaka 1776 hivi hadi 1840 hivi, na ambaye mashairi yake yaliwapigania Mazrui, ukoo uliotawala kutoka ngome hii hii hadi uliposhindwa mwaka 1837. Mgeni akiniomba nimpeleke kwenye nyumba aliyokulia Muyaka, sina mlango wa kumwonyesha. Maneno yake yalibaki vinywani mwa watu wa Mvita, yaani Mombasa, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika, na hati hizo sasa zimo maktabani London. Wako wanaosema kwamba maneno yakibaki inatosha, nyumba ni mawe tu. Mimi hainiingii akilini, kwa sababu shairi mtu hulighani akamrithisha mwanawe, lakini ukuta haughaniki. Walinzi wale, ambao hata majina yao hatuyajui, wametunziwa michoro yao kwa kuwa ukuta ulikuwa wa wenye dola, ukawa wa gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ukawa wa makumbusho. Muda wote huo haukuwahi kugawanywa mafungu ya mirathi.

Jioni mpwa wangu aliniomba nimchoree lile jahazi la nyanya ili alitie kwenye insha yake. Nilikaa barazani na penseli, nikachora tanga, mlingoti, omo na usukani, na nikaridhika kabisa nalo. Mama alipopita na sinia la chai aliinama akalitazama, akasema limependeza, ila jahazi lile lilikuwa limeelekea jikoni.