Kuzijua Herufi kwa Mkasi na Gundi
Zoezi ninalolithamini zaidi katika kufundisha taipografia, yaani sanaa ya kubuni na kupanga herufi, halihitaji kompyuta: wanafunzi hukata herufi kubwa kutoka kwenye magazeti ya zamani, kisha huzipanga na kuzibandika upya ili kuunda neno moja. Wakiziweka A na V kwa nafasi iliyopimwa kwa rula, huona pengo kubwa mno, ilhali I na H zilizotenganishwa kwa kipimo kilekile huonekana kubanana. Hapo ndipo wanapoanza kuyaamini macho kuliko rula. Herufi O nayo, ikichorwa kwa urefu sawa kabisa na H, huonekana fupi, ndiyo maana wabunifu huirefusha kidogo juu na chini. Majina ya fonti (ambako vitabu vingi huanzia) yanaweza kusubiri.