Kikundini si lazima usimulie

Watu wachache wanaojua kwamba nahudhuria kikundi cha manusura wa unyanyasaji wa kingono huniuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo huko mnakaa mnasimuliana yaliyowapata?" Naijua hofu iliyojificha ndani ya swali hilo, maana ndiyo iliyonizuia miaka na miaka. Nilidhani ukifika utasimamishwa mbele ya watu usiowajua, utalazimishwa kufungua kila kitu, kisha utarudi kwako ukiwa umevuliwa nguo kwa mara ya pili.

Jibu langu ni hapana. Katika kikundi chetu wapo watu ambao hadi leo sijui walifanyiwa nini, na nani, wala lini. Ninachojua ni nani hapati usingizi, nani hushtuka akiguswa begani kutoka nyuma, nani hukosa hamu ya kula wiki nzima akikutana njiani na mtu aliyefanana na yule. Hayo yanatosha kutufanya tuelewane.

Mimi ni mwanamume. Aliyeninyanyasa nilipokuwa mtoto alikuwa mtu wa nyumbani aliyeaminiwa na wote, na habari zake naziishia hapo. Nilipoanza kutafuta msaada, vikundi vingi nilivyoviona vilikuwa vya wanawake peke yao, na sina kinyongo na hilo hata kidogo: mwanamke aliyeumizwa na mwanamume ana haki ya kupumua katika chumba kisicho na mwanamume. Ila nilibaki najiuliza kama nina mahali. Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kwamba wanawake na wasichana zaidi ya milioni 370 walio hai leo walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa upande wa wanaume na wavulana makadirio yalikuwa kati ya milioni 240 na milioni 310. Nilikaa na namba hiyo ya pili jioni nzima. Kumbe walikuwa wengi kiasi hicho, na mimi nilikuwa nimekua nikiamini kwamba ni mimi tu.

Pa kuanzia ni vituo vinavyohudumia watu waliobakwa au kunyanyaswa, hata kama yako yalitokea zamani. Vingi vina namba ya simu ya msaada, na huhitaji kutaja jina lako. Sentensi moja inatosha: "Nilinyanyaswa utotoni, natafuta kikundi." Wakikwambia hawana, usikate simu bado, waulize wanamjua nani mwenye nacho, kwa sababu watu wa kazi hii hujuana. Vitengo vya afya ya akili vya hospitali kubwa, ofisi za ushauri nasaha vyuoni na wanasaikolojia wanaoona mtu mmoja mmoja nao huwa na habari. Kama wewe ni mwanamume, uliza bila kuzunguka: kikundi hiki ni cha nani? Kuna vya wanawake, vya wanaume, vya mchanganyiko, na vingine vimetengwa kwa walionyanyaswa utotoni au walioshambuliwa ukubwani.

Uliza pia nani anakiongoza. Kikundi cha tiba huongozwa na mtaalamu, mara nyingi wawili, na kwa kawaida huwa na watu wasiozidi kumi hivi. Kikundi cha wenzetu huongozwa na manusura wenyewe. Kipo na cha mafunzo, ambako mnafundishwa kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, ni nini na namna ya kuutuliza mwili. Vingine vimefungwa: mkianza, hakuna mgeni anayeingia hadi muhula uishe. Vingine viko wazi kwa yeyote. Mimi napenda kilichofungwa, kwa kuwa sura ni zile zile na imani hujengeka, lakini namfahamu mtu aliyepona vizuri katika kikundi cha wazi kwa sababu alihitaji uhuru wa kutokwenda siku ambazo hakuweza.

Sasa, si kila kikundi ni salama. Kuna kimoja nilichohudhuria mara moja tu, na sikitaji jina. Kiongozi alitaka kila mgeni ajitambulishe kwa kueleza lililompata. Binti mmoja akaanza. Katikati ya maneno macho yake yakaganda ukutani, mikono ikalegea, akanyamaza. Kila mtu mle ndani aliona kwamba hayupo tena pale. Kiongozi akasema, "Endelea, toa yote, utapona." Baadaye akaongeza kwamba asiyesamehe hujifunga mwenyewe. Nilitoka nikiwa na hasira ambayo sijaimaliza hadi leo, na naiandika hapa ili msomaji ajue: anayekulazimisha kusimulia siku ya kwanza, au anayekudai msamaha kama ada ya kuingilia, hana haki hiyo. Ondoka. Hujafeli wewe.

Wataalamu wameliona jambo hili siku nyingi. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kutoka katika kiwewe hupitia hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kuungana tena na watu na maisha. Hatua hizo hazinyooki, mtu huweza kurudi nyuma na kwenda mbele, lakini usalama ndio unaotangulia. Anayekuchimbua kabla hujajua jinsi ya kujituliza anakurudisha kule kule.

Katika kikundi nilichomo sasa, kabla ya kupokelewa niliitwa kuzungumza na mwezeshaji peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia, kifua kimenibana. Hakuniuliza lililotokea. Aliuliza, "Ukizidiwa, mwili wako unakuonyeshaje? Na mimi nikikuona katika hali hiyo, ungependa nifanye nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia masikio huziba na sauti za watu huwa kama zinatoka mbali, na kwamba nisiguswe, niitwe tu kwa jina. Akaandika. Akaniuliza kama nina mawazo ya kujiua, kama natumia pombe au dawa kujizima, na kama yule mtu bado ana nafasi ya kunifikia. Kisha akaniambia niulize na mimi. Ukipata nafasi hiyo itumie: nani mwingine ataona maandishi yenu? Ni mambo gani usiri hauyafuniki? Mara nyingi ni pale mtu anapotaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, au mtoto anapokuwa hatarini. Ikiwa una kesi mahakamani au unafikiria kufungua, uliza mapema, wewe na wakili wako, kama kumbukumbu za vikao zinaweza kuitwa kuwa ushahidi. Ikiwa kikundi ni cha mtandaoni, uliza wanahakikishaje kwamba hakuna anayerekodi na kwamba kila mmoja yuko chumbani peke yake.

Ndani ya kikao kuna kanuni ndogo ndogo ambazo mwanzoni niliziona ngeni. Kila mtu huchagua kiti chake, na anayetaka cha karibu na mlango anaachiwa. Unaweza kutoka bila kuomba ruhusa, mwezeshaji mmoja atakufuata baada ya muda kuona kama uko sawa. Tunaanza kwa kila mmoja kutaja namba kuanzia sifuri hadi kumi, jinsi dhiki yake ilivyo leo, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Boksi la tishu liko katikati na hakuna anayempa mwenzake. Hili lilinisumbua, nililiona la ukatili, hadi mwezeshaji alipoeleza kwamba ukimkimbilizia mtu tishu mara nyingi unamwambia afute machozi, basi tena. Anayelia anaachwa alie, nasi tupo. Ajisikiapo, atanyoosha mkono mwenyewe.

Nitaeleza jambo moja tu lililotokea humo, na mwenyewe ameniruhusu. Mwenzangu mmoja alisema, "Mimi sikupiga kelele." Basi, hayo tu. Chumba kizima kikaitikia, mmoja baada ya mwingine: nami sikupiga. Mimi pia. Mimi pia. Mwezeshaji akatueleza kuhusu mwili kuganda: hofu ikizidi sana, na kukimbia au kupigana kukiwa hakuwezekani, mwili huweza kujifunga wenyewe, sauti isitoke na misuli isitii. Ni kinga ya mwili, hukuichagua wewe, na haina uhusiano wowote na kukubali. Nilikuwa nimeshasoma habari hizo mahali. Kuzisoma hakukunigusa kama kuwatazama watu ambao siwezi kuwalaumu hata kwa dakika moja, kisha kugundua kwamba lawama niliyojibebesha ni ile ile ambayo nisingethubutu kumbebesha yeyote kati yao.

Kuna nyakati ambazo kikundi kinapaswa kusubiri. Kama limekupata juzi au leo, nenda hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, na njia ya dharura ya kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120. Kama mawazo ya kujiua yanakuandama, mtafute mtu leo hii, usingoje kikao cha wiki ijayo. Kama bado unaishi na anayekuumiza, kazi ya kwanza ni kupanga usalama wako na mtu anayejua kuipanga. Wengine huanza na mshauri wa peke yao kwa muda, kisha kikundi. Mimi ninavyo vyote viwili, na mara nyingi jambo linaloibuka kikundini ndilo ninalokwenda kulimaliza kwa mshauri.

Usipange jambo zito baada ya kikao. Kwangu mimi siku inayofuata ndiyo ngumu kuliko ile ya kikao chenyewe: naamka nimechoka, hasira ziko karibu, ndoto zimerudi. Mwezeshaji alinitahadharisha, kwa hiyo sikuogopa. Ila ikiwa wiki zinapita na kila baada ya kikao unazidi kuzama, mwambie. Kubadilisha kikundi au kupumzika muhula mmoja ni jambo la kawaida kabisa kwao.

Na kama ukiambiwa hakuna nafasi hadi muhula ujao, kubali jina liandikwe hata kama hujaamua. Omba uitwe mtu akijitoa. Uliza kama kuna namba ya simu au mshauri wa kukushika mkono wakati unasubiri. Zamu yako ikifika na ukaona bado hauko tayari, unaweza kusema hivyo, na jina lako likabaki kwenye orodha.