Nukta Mbili za Penseli

Mnunuzi wa banjo yangu, ala ya nyuzi tano, alisema angefika alasiri. Asubuhi nilianza na nyuzi, nikazibadilisha moja moja. Kidaraja cha banjo, kile kijiti kinachobeba nyuzi, hakigandishwi kwa gundi. Husimama juu ya ngozi iliyowambwa kwa mgandamizo wa nyuzi tu, na ukizitoa zote tano kwa pamoja kinaanguka na mahali pake panapotea. Nilikuwa nimetia nukta mbili za penseli kwenye ngozi, kando ya miguu yake. Hata hivyo kilisogea. Niligusa uzi wa kwanza juu ya freti ya 12, moja ya vipande vya chuma vilivyokata shingo, bila kuukandamiza, nikaisikiliza ile sauti nyembamba, kisha nikaukandamiza hapo hapo. Sauti ya pili ilikuwa juu kidogo, maana yake uzi ulikuwa mfupi mno. Nikakisukuma kidaraja kuelekea mkiani, nyuzi zinakofungwa, kama milimita moja, sauti zikalingana.

Ilikuwa banjo ya mgongo wazi, kazi ya mkono: duara la mbao la inchi 11, pete ya shaba juu yake, kulabu 24 zinazovuta ngozi. Kwa kuwa haina kifuniko nyuma, sauti yake ni ya chini na ya upole. Kwangu hiyo ndiyo sauti ya banjo hasa.

Mnunuzi alipiga kwa kushusha ukucha, dole gumba likidokoa uzi mfupi wa tano. Kila alipofika uzi wa nne, kitu kikavuma.

"Shingo imepinda, ndugu yangu."

Nilimwomba akandamize uzi huo freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, atazame katikati. Palikuwa na upenyo mwembamba kama karatasi ngumu. Shingo ilikuwa sawa. Tukazigusa kulabu moja baada ya nyingine huku uzi ukilia, tukaikuta nati moja imelegea. Robo mzunguko, mvumo ukakoma. Kukaza zaidi ya hapo kungeivuta ngozi upande mmoja.

Kisha nikamwonyesha asichokiona: freti tatu za mwanzo zililika chini ya uzi wa kwanza na wa pili, na kwenye kisigino cha shingo palikuwa na ufa wa vanishi. Aliupitishia ukucha mara mbili. Ukucha haukunasa, mbao chini yake ilikuwa nzima.

Tulipokubaliana, nililegeza nyuzi kiasi, nikaweka kitambaa chini ya kichwa cha shingo ndani ya sanduku, nikamwomba asizifute zile nukta mpaka sikio lake liizoee.