Kumbukumbu ya mradi: kuchora upya GRB 221009A, na saa inaanzia wapi

Kwa anayeanza kusoma leo: nachora upya, kwa data zilizo wazi kwa kila mtu, jinsi setilaiti ya Swift ilivyoufuatilia mlipuko wa miale ya gama (kwa kifupi GRB) wa tarehe 9 Oktoba 2022. Vifaa vyangu ni kompyuta mpakato, Python, na faili za maandishi zinazowekwa hadharani bila malipo na Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kinachochakata data za darubini ya eksirei ya Swift. Kila mstari wa faili una muda, kiasi cha mionzi na kiwango cha shaka yake. Basi.

Nimeuchagua mlipuko huu kwa sababu mwanzoni haukujulikana kuwa ni mlipuko wa miale ya gama. Kengele ya Swift ililia saa 14:10:17 kwa saa za kimataifa, yaani saa kumi na moja na dakika kumi jioni kwetu, siku ya Jumapili. Chombo kikajigeuza chenyewe kuelekea kundinyota la Sagitta, na darubini zake zikakuta kitu kinachong'aa kupita kiasi. Tatizo ni mahali penyewe: nyuzi 4 na kidogo tu kutoka kwenye bapa la galaksi yetu, ambako nyota zimesongamana. Kitu kikiwaka ghafla upande huo, mtu hudhania kwanza kuwa ni cha humu humu kwenye galaksi. Kikapewa jina la tahadhari, Swift J1913.1+1946.

Baadaye ikabainika kwamba setilaiti ya Fermi ilikuwa imenasa mlipuko kutoka upande huo huo saa 13:17, karibu saa nzima kabla. Wakati huo Swift haikuwa ikiona sehemu ile ya anga. Kwa hiyo kilicholiza kengele yake ni mng'ao uliobaki baada ya mlipuko, dakika 53 baadaye! Mng'ao wa namna hiyo kuwa na nguvu ya kuamsha kigunduzi cha gama baada ya muda wote huo ni jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Sasa kazi ya wiki hii. Nyota kubwa inapoporomoka kiini chake na kurusha mkondo wa mata kwa kasi inayokaribia ya nuru, mkondo ule hugonga gesi iliyo njiani na kuing'arisha. Mng'ao huo hufifia kwa kufuata kipeo cha muda (muda ukiwa mara kumi, mng'ao hugawanywa kwa kumi iliyopandishwa kwa kipeo hicho), na ukiuchora kwenye grafu ya logi kwa logi, ambayo kila hatua yake ni kuzidisha kwa kumi, unapata mstari ulionyooka. Lakini muda uhesabiwe tangu lini? Nimechora grafu mbili makusudi: moja saa yake inaanza kengele ya Swift ilipolia, nyingine inaanza na Fermi. Tofauti ni sekunde 3,197.

Chukua kipeo cha 1.5. Kwa saa ya Swift, kutoka sekunde ya 200 hadi ya 2,000 muda umekuwa mara kumi, hivyo mng'ao ungepaswa kufifia zaidi ya mara 30. Kwa saa ya Fermi, kipindi hicho hicho ni kutoka sekunde ya 3,400 hadi karibu 5,200, na mng'ao unapaswa kubaki zaidi ya nusu. Data ziko upande wa Fermi bila ubishi. Grafu ya kwanza inaanza kama tambarare halafu inainama; ya pili inanyooka tangu nukta za mwanzo. Ni kama kupima mbio kwa kubonyeza saa wakati mkimbiaji ameshazunguka uwanja mara kadhaa. Kwangu mimi, mstari ule ulionyooka ni ushahidi mzito kwamba setilaiti mbili zilikuwa zinaona tukio moja.

Mteremko wangu, yaani kipeo nilichopata, unakaribiana na uliochapishwa na timu ya Swift: takriban 1.5 kwa siku ya kwanza hivi, kisha karibu 1.7. Badiliko hilo ni dogo mno. Mkondo mwembamba ulitarajiwa kuleta mporomoko mkali zaidi, na nadhani hapo ndipo penye fizikia tamu kuliko yote katika tukio hili.

Umbali nimeuchukua kama ulivyo: darubini ya VLT nchini Chile ilipima mvutiko wa nuru (kiasi ambacho mawimbi ya nuru yamerefuka safarini) wa 0.151, maana yake mwanga ulisafiri miaka bilioni 1.9 hivi. Darubini ya James Webb nayo ilikuja kuikuta supanova, yaani mlipuko wa nyota inayokufa, pale pale, ya kawaida kabisa, bila dalili ya elementi nzito zilizokuwa zikitafutwa.

Kazi inayofuata ni maduara. Eksirei za mlipuko zilipita kwenye mawingu ya vumbi ya galaksi yetu, zikatawanywa, na picha za Swift zinaonyesha maduara yanayotanuka siku hadi siku. XMM-Newton, setilaiti ya eksirei ya Ulaya, ilihesabu 20. Yanasumbua grafu pia, kwa sababu darubini inaposoma kwa haraka huikunja picha nzima kuwa mstari mmoja, na mwanga wa maduara unachanganyika na wa chanzo. Lakini kanuni yake ni rahisi: umbali wa vumbi ni mara mbili ya njia ambayo nuru imeenda tangu mlipuko, gawanya kwa pembe ya duara iliyozidishwa kwa pembe hiyo hiyo, katika radiani. Duara lenye nusu kipenyo cha dakika 4 za tao (dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi), siku mbili baada ya mlipuko, linaelekeza kwenye vumbi lililo umbali wa miaka-nuru kama 8,000. Hapa pia saa ni ya Fermi. Nimeshapakua picha za siku za mwanzo, na nitaanza na duara linaloonekana wazi kuliko mengine.